Bei Hushuka, Deni Halishuki
(Maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi katika mafunzo ya wafanyi kazi)



Halmashauri ya tawi imeniomba niseme juu ya jambo ambalo wengine huona si kazi ya chama cha wafanyi kazi, yaani bei ya ardhi, ya nyumba na ya hisa. Husema kwamba kazi ya chama ni mshahara, saa za kazi na malipo ya uzeeni. Ni kweli. Lakini mshahara ukisha kupiganiwa na kupatikana hauketi mfukoni, huenda mahali. Nanyi mwajua pendekezo lililo mbele ya chama chetu cha akiba na mikopo: tukope benki, tuchanganye na akiba yetu, tununue shamba nje ya mji, tulikate ploti, kisha tuziuze baada ya miaka miwili bei ikiwa imepanda. Kura itapigwa mwezi ujao. Mimi nitawaambia waziwazi ninavyoliona jambo hili, na mwenye kunipinga anipinge.

Tuanze hapa kwetu. Mwaka 2006 Serikali iliuza sehemu ya hisa zake katika KenGen, kampuni ya kutengeneza umeme, kwa Sh.11/90 kila hisa. Hisa hizo zilipofika sokoni Nairobi, bei iliruka hadi karibu Sh.40/-. Aliyeweka Sh.10,000/- akajiona ana zaidi ya Sh.30,000/-, na hakuwa ameinua hata jembe. Habari ya namna hiyo haihitaji gazeti. Ilisemwa ndani ya matatu, viwandani wakati wa chakula, na nje ya makanisa siku ya Jumapili. Watu ambao hawakujua hisa ni kitu gani walijua jambo moja tu: kwamba jirani amepata.

Miaka miwili baadaye ikaja zamu ya Safaricom. Serikali ilitoa hisa bilioni 10, robo ya kampuni yote, kwa Sh.5/- kila moja. Uuzaji ulifunguliwa mwisho wa Machi 2008, wakati nchi ilikuwa bado yauguza majeraha ya machafuko yaliyofuata uchaguzi. Hata hivyo watu walipanga foleni. Zaidi ya watu 800,000 walinunua, na fedha zilizoletwa zilikuwa zaidi ya mara nne ya hisa zilizokuwapo. Fedha hizo zilitoka wapi? Wengine waliuza ng'ombe, wengine walitoa karo ya watoto, na wengi sana walikopa benki, kwa maana benki zilitangaza mikopo maalum ya kununulia hisa.

Hebu tupige hesabu. Tuseme mfanyi kazi mmoja alikopa Sh.50,000/- akaomba hisa 10,000. Kwa kuwa waombaji walikuwa wengi mno, tuseme alipewa moja ya tano, yaani hisa 2,000 za Sh.10,000/-. Fedha nyingine zilirudishwa baadaye. Lakini benki haikuhesabu riba juu ya Sh.10,000/-. Ilihesabu juu ya Sh.50,000/- zote, tangu siku ya kwanza. Riba ikiwa 15 kwa mia kwa mwaka, miezi miwili ni Sh.1,250/-. Gawanya kwa hisa 2,000. Hisa aliyoambiwa ni ya Sh.5/- imekwisha kumgharimu zaidi ya Sh.5/60 kabla soko halijafunguliwa! Na benki, ndugu zangu, ilikuwa imekwisha kupata faida yake, hisa ipande au ishuke.

Soko lilifunguliwa tarehe 9 Juni 2008. Siku za kwanza bei ilipita Sh.7/-. Mtu wetu angaliweza kuuza, alipe benki, abaki na kitu kidogo. Hakuuza, kwa sababu alikuwa akiingoja ile Sh.40/- ya KenGen. Kabla ya mwaka kwisha bei ilikuwa imeshuka chini ya Sh.5/-, na mwanzoni mwa 2009 ilikuwa karibu Sh.3/-. Hisa zake zilikuwa na thamani ya Sh.6,000/- hivi, na deni lilikuwa bado lasimama. Hakuwa peke yake. Kipimo cha bei za hisa kubwa 20 za soko la Nairobi, ambacho mwanzo wa 2007 kilipita 6,000, Machi 2009 kilikuwa chini ya 2,500. Katikati ya mambo hayo kampuni mbili za madalali wa hisa zilikuwa zimeanguka, moja mwaka 2007 na nyingine mapema 2008, na wateja wao wakaachwa wakitafuta fedha zao.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu hukosea. Safaricom haikuwa kampuni mbovu. Ilizidi kukua na iliwapa wenye hisa gawio. Bei ilirudi kwenye Sh.5/- karibu na mwisho wa 2012, na mwaka 2021 ilipita Sh.40/-, ingawa baadaye ilishuka tena. Aliyenunua kwa fedha yake mwenyewe, akaiweka hati yake sandukuni na kuendelea na kazi, hakudhurika. Aliyenunua kwa fedha ya benki hakuweza kungoja miaka minne. Benki ilimtaka alipe kila mwisho wa mwezi, naye akauza kwa Sh.3/- kitu alichokinunua kwa Sh.5/-. Kampuni ile ile, hisa ile ile.

Je, kwa nini bei ilishuka hivyo? Sababu moja ni kwamba hisa bilioni 10 ni nyingi, na karibu kila mtu alinunua akitaka kumwuzia mwenzake. Sababu ya pili ilitoka mbali. Mwaka ule wenye mali wa ng'ambo walikuwa wakivuta fedha zao kutoka masoko madogo kama letu, kwa kuwa nyumba yao wenyewe ilikuwa yaungua. Moto huo ulianza katika nyumba hasa, nyumba za kulala watu, huko Marekani.

Mwaka 2003 Benki Kuu ya Marekani ilikuwa imeteremsha riba yake hadi 1 kwa mia. Mikopo ikawa rahisi, na bei za nyumba zikapanda mwaka kwa mwaka. Wakopeshaji wakaenda mbali zaidi, wakawapa mikopo hata watu ambao mishahara yao haikuweza kuilipa. Mara nyingi riba ilikuwa ndogo miaka miwili ya kwanza, kisha ikapanda ghafula. Mtu akiuliza, "Nitalipaje miaka miwili ikiisha?" aliambiwa, "Usijali, nyumba itakuwa imepanda bei, utakopa tena au utaiuza." Mkopeshaji naye hakujali, maana hakukaa na deni lile. Aliliuza kwa benki kubwa za New York, nazo zikayafunga madeni maelfu pamoja kama mzigo wa mitumba na kuyauza duniani kote, hata kwa mifuko ya pensheni ya wafanyi kazi. Juu ya mzigo paliandikwa kwamba ni mali safi. Wachache sana waliufungua kutazama ndani.

Hili ndilo jambo ambalo wachumi huliita povu. Kitu kinapanda bei kwa sababu watu wanakinunua, na watu wanakinunua kwa sababu kinapanda bei. Hakuna anayeuliza tena kitu chenyewe kinazaa nini. Fedha ya kukopa ndiyo hewa iliyo ndani yake.

Riba ya Benki Kuu ilipandishwa kidogo kidogo hadi 5.25 kwa mia katikati ya 2006. Mwaka huo huo bei za nyumba zikafika kileleni, zikaanza kushuka. Kufika 2012 zilikuwa zimepungua zaidi ya robo kwa nchi nzima, na katika mji wa Las Vegas zaidi ya nusu. Mamilioni ya jamaa walitolewa katika nyumba zao. Tarehe 15 Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers, yenye umri wa miaka 158, ilitangaza kwamba haiwezi kulipa madeni yake. Magazeti yaliandika sana juu ya benki hiyo. Mimi ningependa wanachama wakumbuke waashi, maseremala na mafundi umeme wa Marekani: kazi za ujenzi zilipungua kwa zaidi ya milioni 2. Wengi wao hawakununua nyumba ya kubahatisha hata moja. Walizijenga tu.

Nasikia mtu akisema, "Hayo ni ya hisa na nyumba. Ardhi ni kitu kingine, ardhi haiongezeki." Maneno hayo yalisemwa Japani kabla hayajasemwa Kitengela. Japani ni visiwa, watu ni wengi na ardhi ni kidogo, na kila mtu aliamini kwamba bei ya ardhi haiwezi kushuka. Benki zilikopesha kwa dhamana ya ardhi, na fedha hizo zikanunua ardhi nyingine na hisa. Kuanzia 1991 bei ya ardhi ya mijini ilishuka mwaka baada ya mwaka kwa zaidi ya miaka kumi. Hisa nazo zilikuwa zimefika kilele mwisho wa Desemba 1989, na kipimo chao hakikurudi pale mpaka Februari 2024. Kijana aliyenunua akiwa na miaka 25 alipata fedha yake akiwa na 59. Ardhi haikuongezeka hata shubiri moja.

Sisemi kwamba ploti za kandokando ya Nairobi ni povu. Wako wanachama wa tawi hili waliojenga huko, nao wanalala kwao bila kulipa kodi, na hakuna mtu wa kuwaambia walikosea. Anayenunua ili ajenge hupata nyumba, bei ipande isipande. Nasema juu ya kununua kwa deni ili kuuza.

Kipimo ni rahisi. Tuseme nyumba yauzwa Sh.6,000,000/-, na mpangaji hulipa Sh.25,000/- kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh.300,000/-, yaani 5 kwa mia. Ukiinunua kwa mkopo wa 14 kwa mia, riba peke yake ni Sh.840,000/- kwa mwaka. Sh.540,000/- zilizobaki zitoke wapi? Hazitoki katika nyumba. Zatoka mfukoni mwako, na zitarudishwa tu na mnunuzi atakayekuja nyuma yako na fedha nyingi kuliko zako. Na ploti tupu ni mbaya zaidi kwa hesabu hii, maana haina hata mpangaji.

Basi rudini kwenye pendekezo letu. Benki itashika dhamana gani? Akiba yetu, ile inayokatwa kila mwezi kabla mshahara haujatufikia. Ploti zisipopata wanunuzi katika miaka miwili, benki haitangoja. Mama aliyeweka akiba miaka kumi atakuja Januari kuomba mkopo wa karo, naye ataambiwa fedha imelala porini.

Maoni yangu ni kwamba mkopo wa benki ukataliwe. Kama wako wanachama wanaotaka mahali pa kujenga, na wajiandikishe majina, na chama kinunue kwa akiba iliyopo, kwa kadiri ya majina hayo tu. Kabla ya hapo halmashauri ya mikopo itujibu: mwenye shamba alilinunua lini, na kwa bei gani? Maji yako umbali gani? Dalali aliyelileta shamba hili analipwa nani, na kiasi gani? Niliuliza swali hili la mwisho wiki mbili zilizopita, na bado nangoja jibu.

Mweka hazina ameleta hesabu za chama cha akiba za miaka mitatu. Nakala ziko mezani pale mlangoni, kila mwanachama achukue yake aisome kabla ya siku ya kura. Sasa, Ndugu Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.