BIASHARA HURIA NA HAKI YA MNYONGE MPAKANI

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Tunduma



Sisi tuishio Tunduma hatuhitaji kufundishwa kwamba biashara ya nchi na nchi ni jambo la kila siku. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupita milangoni petu. Mchele na mahindi ya wakulima wetu huvuka kwenda Nakonde, na bidhaa za Kichina zimejaa madukani. Lakini sheria zinazoamua nani alipe ushuru na nani asilipe huandikwa mbali nasi. Ndiyo maana tumeona vema tuzitazame kwa pamoja.

1. Uchina na sheria yake

Uhusiano wetu na Uchina haukuanza jana. Mkataba wa reli ya TAZARA ulitiwa saini Beijing mwaka 1967. Reli hiyo ya kilometa 1,860 ikajengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba, nayo yapita hapa hapa kwetu. Sehemu ya gharama za ndani ya nchi ililipwa kwa fedha za mauzo ya bidhaa za Kichina. Tangu mwanzo, basi, msaada na biashara vilisafiri katika behewa moja.

Mwaka 1994 Uchina ilitunga Sheria ya Biashara ya Nje. Ilijiunga na Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001, na mwaka 2004 ikairekebisha sheria hiyo ili hata mtu binafsi, si kampuni tu, aweze kufanya biashara ya nje. Sheria hiyo huiruhusu serikali kuzuia bidhaa kwa sababu za usalama na afya, na kuchukua hatua dhidi ya nchi inayoibagua Uchina katika biashara. Hatusemi haya kwa kusifu wala kwa kulaumu. Twataka tuone jinsi taifa kubwa linavyofungua mlango huku ufunguo likiushika lenyewe.

2. Zawadi na mkataba

Tutofautishe mambo mawili. Mauritius ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuwa na mkataba wa biashara huria na Uchina, nao ulianza kutumika tarehe 1 Januari 2021. Nafuu iliyopata Tanzania ni ya namna nyingine. Tangu tarehe 1 Desemba 2024 Uchina iliondoa ushuru wa forodha kwa bidhaa zote zitokazo katika nchi maskini zaidi zenye uhusiano nayo wa kibalozi, na sisi tumo. Huo ni uamuzi wa upande mmoja. Mtoa zawadi aweza kuirudisha mfukoni. Aliyetia saini mkataba hana budi kujieleza.

Tena, ushuru kuondolewa si mlango kufunguka. Parachichi zetu zilikubaliwa kuingia Uchina kwa makubaliano ya mwaka 2022, lakini mashamba na vituo vya kufungashia sharti visajiliwe na kukaguliwa. Mkulima wa Mbozi mwenye miti michache atafikaje huko peke yake? Asipoungana na wenzake katika ushirika, nafuu hiyo itamnufaisha mwenye shamba kubwa, naye atabaki kumngoja dalali.

3. Majirani zetu

Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, Zambia ikabaki. Kinachotuunganisha ni SADC, ambayo eneo lake la biashara huria lilizinduliwa mwaka 2008. Mwaka 2019 kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa, ili ukaguzi wa nchi mbili ufanyike mahali pamoja.

Hata hivyo, mkataba bila uaminifu ni karatasi. Mwezi Machi 2025 Malawi ilizuia baadhi ya mazao kutoka nje, yakiwamo ya kwetu. Afrika Kusini nayo ilikuwa imezuia ndizi zetu kwa muda mrefu. Mwezi Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya nchi hizo mbili, na baadaye ikaondoa zuio hilo. Nchi zote tatu zimo katika SADC. Serikali zaweza kungoja barua zijibiwe, lakini ndizi na nyanya hazingoji.

4. Kanisa lafundisha nini?

Papa Leo XIII alifundisha mwaka 1891 kwamba makubaliano ya mshahara hayawi ya haki kwa sababu tu pande mbili zimekubali, maana mwenye njaa hukubali lolote. Papa Paulo VI, mwaka 1967, aliyapeleka mafundisho hayo kwa mataifa: uhuru wa biashara ni wa haki pale tu unapofuata madai ya haki ya jamii.

5. Tufanye nini?

Kwanza, tujifunze haki zetu. Bidhaa iliyozalishwa katika nchi za SADC yaweza kusamehewa ushuru wa forodha ikiwa na cheti cha uasili. Kodi nyingine zaweza kubaki. Asiyejua hayo hutozwa na vishoka, au hupita njia za panya na kuhatarisha mali na maisha yake.

Pili, kamati za Haki na Amani ziwasikilize wachuuzi, hasa akina mama, ziandike shida zao na kuzifikisha kwa madiwani, wabunge na maofisa husika.

Tatu, tujisahihishe. Twawezaje kuidai haki Beijing au Lilongwe, ilhali sisi wenyewe tunanunua mahindi ya mkulima kwa lumbesa?

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Ni nani katika jumuiya yetu huvuka mpaka kwa biashara, naye hukutana na shida gani?
2. Je, wakulima wetu wameungana, au kila mmoja humkabili dalali peke yake?
3. Mizani zetu wenyewe ni za haki?