HOFU YA DAKTARI NI HABARI YA KAZI

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kagio)



Mwanachama mmoja ameniuliza hapo mlangoni: "Habari za madaktari zatuhusu nini sisi wachukuzi wa soko la Kagio na vibarua wa mashamba ya mpunga? Wao wana mshahara mkubwa." Swali ni zuri, nami nitalijibu.

Ugonjwa wa korona ulitangazwa kuingia Kenya tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 27 mwezi huo huo ikaanza amri ya kutotoka nje usiku. Sisi wengine tuliambiwa tukae mbali na mgonjwa. Daktari ilimpasa amkaribie.

Je, mioyo yao ilikuwaje? Wengi hawakuogopa sana kufa wao wenyewe. Waliogopa kuyapeleka maradhi nyumbani. Walivua viatu na nguo nje ya mlango, wakaoga kabla ya kumgusa mtoto. Wengine walilala chumba cha peke yao, na wazazi wao wazee hawakuwaona kwa miezi. Wako waliokosa usingizi, wakawa wepesi wa hasira, wakawakemea wauguzi bure. Wako walionyamaza, wakakimbilia pombe. Na wako waliojigamba kwamba hawaogopi kitu, wakashika zamu mbili mbili mpaka nguvu zikawaishia. Ndugu zangu, hata majigambo hayo yalikuwa hofu iliyovaa kanzu nyeupe.

Lakini hofu si woga. Mtu anayeogopa usiku na asubuhi akarudi kazini, huyo si mwoga.

Hofu hiyo ilikuwa na sehemu mbili. Moja ilitoka katika ugonjwa, na hiyo hakuna mwajiri awezaye kuiondoa. Ya pili ilitoka katika masharti ya kazi. Tarehe 10 Julai 2020 alikufa Dk. Doreen Lugaliki, daktari wa uzazi wa Nairobi. Desemba mwaka ule akafa Dk. Stephen Mogusu, kijana wa miaka 28 aliyewatibu wagonjwa wa korona kule Machakos. Chama cha madaktari kilisema kwamba alikuwa hajalipwa mshahara kwa miezi mitano, wala hakuwa na bima ya matibabu. Tarehe 21 Desemba 2020 madaktari wakagoma. Walidai mavazi ya kinga, bima, na fidia kwa jamaa za wanaokufa kazini.

Yatazameni madai hayo. Mavazi huondoa hofu ya kuambukizwa. Bima huondoa hofu ya kuugua bila matibabu. Fidia huondoa hofu ya kuwaacha watoto na njaa. Mtu wa kuzungumza naye na kumtuliza daktari ni mwema, naye adaiwe. Lakini maneno matamu hayashiki mahali pa glavu.

Sasa namjibu ndugu yangu mchukuzi. Tarehe 6 Aprili 2020 njia za kuingia na kutoka Nairobi zilipofungwa, malori ya chakula yaliruhusiwa kupita. Wewe uliyebeba makreti ya nyanya hukujua utingo au dereva ametoka wapi na nini. Je, hukuogopa? Ulimwambia nani? Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Hofu ni vivyo hivyo.

Basi naomba mambo mawili. Kwanza, mwenzetu akisema anaogopa kazi fulani, asichekwe. Aulizwe kinachomwogopesha, na Katibu aliandike jambo hilo pamoja na malalamiko ya mshahara na saa za kazi. Pili, tudai mapema. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba hali ya hatari imekwisha. Huu ndio wakati wa kuziba ufa, kabla maradhi mengine hayajabisha hodi.

Umoja ni nguvu.