Mashua moja, ngoma moja



Leo tuzungumze juu ya mashua. Wanaokaa pembeni ya ziwa Kivu wanajua namna wavuvi wa sambaza wanavyotoka magaribi: mashua tatu zimefungwa pamoja kwa miti, taa ziko tayari, na wote wanapiga kafi kwa wimbo mmoja. Mtu akipiga kwa mwendo wake mwenyewe, anachokesha wenzake bure.

Sasa musikie habari ya inchi ya mbali. Wakorea ni watu wa luga moja, lakini wamegawanyika, Kusini na Kaskazini. Walipigana vita tangu mwaka wa 1950 hata 1953. Silaha zilisimamishwa, lakini mapatano ya amani hayajatiwa sahihi hata leo. Mpaka ule ulitenga jamaa: mama huku, mtoto kule.

Mwaka wa 2018, Michezo ya Asia ilifanyika katika Indonesia. Pande zote mbili zilikubali kupeleka timu moja ya mashua. Watu wa Kaskazini walivuka mpaka, wakafanya mazoezi pamoja na wale wa Kusini, muda usiofika hata miezi miwili. Mashua yenyewe ni ndefu: watu 10 wanapiga kafi, mmoja anapiga ngoma mbele, mwingine anaongoza kutoka nyuma. Tarehe 26 mwezi wa 8, katika muji wa Palembang, wanawake wa timu ile walishinda mbio ya meta 500, wakawapita hata Wachina. Ilikuwa medali ya zahabu ya kwanza ya timu ya Korea zote mbili katika michezo mikubwa ya namna hii. Hawakupigiwa wimbo wa taifa la Kusini wala la Kaskazini. Walipigiwa Arirang, wimbo wa wazee wao wote.

Je, mashua ile ilimaliza ugomvi? Tusidanganyane: hapana. Mwezi wa 6 mwaka wa 2020, Kaskazini ilibomoa kwa baruti nyumba ambamo wajumbe wa pande mbili walikuwa wanakutana.

Basi, funzo ni nini? Wanawake wale hawakungoja wapatane kwanza juu ya nani alianza vita. Walipatana juu ya jambo moja dogo: kusikia ngoma moja. Lakini haitoshi kupiga kafi pamoja, kama tukifika pwani kila mtu anashika njia yake. Na sisi je? Asubuhi tunauziana samaki na muhogo, magaribi tunaitana adui.

Ndugu zangu, tafuteni kazi moja katika kijiji chenu: kisima, daraja, njia ya soko. Muweke bega kwa bega wale wasiosemezana. Na kazi ikiisha, musitawanyike mbele ya kupanga siku ya kazi ya pili. Hapo ndipo amani inashuka kutoka mashua na kuingia nyumbani.

Mubaki na amani.