Makato ya Mshahara na Hadhi ya Mwajiriwa: Mada kwa Wawakilishi wa Matawi

Nimeombwa nizungumzie makato. Naomba nianze na swali linaloyatangulia: huyu anayekatwa ni mwajiriwa, au si mwajiriwa? Mhudumu wa kituo cha mafuta akihoji kwa nini amekatwa, jibu analolijua kila mmoja wenu ni hili: "Wewe ni kibarua tu, mkataba huna." Jibu hilo limewanyamazisha watu wengi, na kisheria halina miguu.

Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo, mradi hata dalili moja kati ya saba ionekane. Anaelekezwa namna ya kufanya kazi. Anapangiwa saa za kazi. Ni sehemu ya taasisi anayoitumikia. Anamtegemea kiuchumi yule anayemfanyia kazi, au anapewa naye vitendea kazi, au hana mwingine anayemfanyia kazi. Na hii ambayo wengi hawaijui: amemfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Ni saa 45 kwa mwezi, si kwa wiki. Mwenye zamu ya saa tisa huzimaliza kwa siku tano.

Kutokuwa na karatasi ya mkataba nako kusimtishe mfanyakazi. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, pia ya mwaka 2004, kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi. Shauri likifunguliwa, mwajiri akashindwa kuyatoa, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa. Kuficha mkataba hakumfaidishi.

Sasa tuje kwenye makato yenyewe. Yale ya sheria hayana ugomvi mkubwa: kodi ya mapato, mkopo wa elimu ya juu, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF). Ila angalieni viwango. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni wa mwajiri peke yake. Ukiuona umekatwa kwenye mshahara, hapo pana kosa.

Kinachoumiza watu ni shoti. Fedha zimepungua kwenye hesabu za jioni, glasi zimevunjika, bidhaa hazionekani stoo, na mwisho wa mwezi mshahara unafika nusu bila neno lolote. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini hakikubali mwenendo huo. Ili mwajiri afidie hasara kwa mshahara wa mtu, mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake. Mwajiri aeleze kwa maandishi sababu ya deni, kiasi chake na jinsi kilivyokokotolewa, kisha ampe mfanyakazi nafasi ya kutosha ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Anayelipwa shilingi 240,000, robo yake ni 60,000.

Wapo waajiri wanaowasainisha watu siku ya kuajiriwa kwamba watakubali kukatwa hasara yoyote itakayotokea. Kwa maoni yangu, saini hiyo haikidhi kifungu cha 28. Hasara ambayo haijatokea haiwezi kuelezwa sababu wala kiasi, na hakuna anayeweza kupewa nafasi ya kuipinga. Hili tulisimamie bila kuyumba. Vilevile sheria inakataza kumtaka mfanyakazi akiri kwamba amepokea zaidi ya alichopokea, jambo ambalo bado lipo pale mishahara inapolipwa mkononi.

Ninayoyasema yote ni ya Tanzania Bara. Wenzetu wa Zanzibar wana Sheria yao ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005.

Njia ya kudai ipo, ila ina saa. Mgogoro wa makato upelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipozuka. Wa kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Anayesubiri huruma ya meneja huku siku zikipita atalazimika kwanza kuiomba Tume imsamehe ucheleweshaji, na si kila ombi hukubaliwa.

Kwa hiyo, ndugu wawakilishi, mkirudi matawini anzeni na wale wanaoitwa vibarua. Waambieni watunze kila karatasi ya malipo, ratiba za zamu na ujumbe wa simu wa kuwapangia kazi. Na yeyote aliyekatwa mwezi huu bila maelezo ya maandishi, msaidieni ayadai kwa barua wiki hii hii.