Watoto wa Saa za Pembeni: Namna ya Kuvitayarisha Vituo Vyetu kwa Ukaguzi

Maneno ya Afisa Ustawi wa Jamii kwa wakazi wa Heru Juu, katika mkutano wa walezi na wazazi



Nimeombwa nizungumze juu ya ukaguzi wa vituo vya kulelea watoto. Najua kwamba neno hilo likitajwa, nyuso hubadilika. Nimeziona zikibadilika hata hapa, Mtendaji alipolisoma katika ajenda. Kwa hiyo nitaanza na kisa kilichonifanya niiombe nafasi hii mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, katika halmashauri nyingine niliyofanyia kazi, tulikwenda kukagua kituo kimoja. Taarifa tulikuwa tumeitoa siku tatu kabla. Tulikuta uwanja umefagiwa, watoto 18 wameketi wawili wawili, na rejista imeandikwa majina 18. Tuliandika maneno mazuri, tukaaga. Saa 9 alasiri, tukiwa njiani kurudi, tuliona watoto wawili wa darasa la kwanza wameketi juu ya tuta la mfereji kando ya barabara, mmoja amempakata mdogo wake. Tukasimamisha gari. Tukauliza mbona hawako nyumbani. Yule mkubwa akajibu, bila kinyongo chochote, kwamba nyumbani hakuna mtu, na kule kwa mama mlezi wameambiwa wasije leo kwa sababu kuna wageni.

Wageni wenyewe ndio sisi.

Tulipogeuza gari na kurudi kituoni, mambo yakadhihirika. Kila mchana, baada ya shule, kituo kile kilikuwa kikipokea watoto wengine wapatao 20, na wachache zaidi alfajiri kabla ya kengele ya shule. Hakuna hata mmoja aliyeandikwa popote. Mama yule hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu kwamba usajili wake ulikuwa wa watoto wadogo wa mchana, na kwamba tukiwaona hawa wakubwa tutamfungia. Basi ukaguzi uliowekwa ili kuwalinda watoto ndio uliowaketisha barabarani siku ile, na mawingu yalikuwa yameshakusanyika. Sehemu ya kosa lile ilikuwa yetu sisi wakaguzi, kwa kuwa tulikuwa tumejijengea sura ya askari wa kodi.

Watoto hao nimezoea kuwaita watoto wa saa za pembeni. Hapa kwetu wapo wengi. Mvua za Oktoba zikianza kudondoka, mzazi wa Heru Juu anatoka na jembe kungali giza. Mwenye ndizi au maharage ya kupeleka soko la Kasulu hawezi kungoja jua lipande. Muuguzi anaingia zamu saa 1 asubuhi. Mtoto wa darasa la kwanza au la pili huachiwa shuleni mapema kuliko kaka zake, akafika nyumbani akakuta kufuli. Kati ya kufuli hilo na jioni kuna saa nne au tano, na ndani ya saa hizo kuna kisima, kuna moto wa jikoni, kuna pikipiki za barabarani, na kuna watu wazima ambao si wote wana nia njema.

Wazee waliopo hapa watakumbuka kwamba jambo la kuwalea watoto kwa pamoja si geni. Wakati wa Operesheni Kigoma mwaka 1972, watu walipokusanywa katika vijiji, vituo vya kulelea watoto vilikuwa sehemu ya sura ya kijiji kipya, na Umoja wa Wanawake ulivishughulikia sana. Mwaka 1981 Bunge likatunga sheria mahususi ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana. Sheria hiyo ilifutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na mambo yake yakaingizwa humo. Ndiyo tunayoitumia hadi leo. Inasema kituo kisiendeshwe bila usajili, na inampa afisa ustawi wa jamii mamlaka ya kukiingia na kukikagua. Vilevile inaipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio katika eneo lake. Naomba mlisikie hilo la mwisho. Katika sheria hii wajibu haumwangukii mama mlezi peke yake. Unatuangukia na sisi.

Halafu kuna Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 Dodoma. Inamtazama mtoto tangu mimba hadi miaka 8, na inataka apate mambo matano kwa pamoja: afya njema, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Mkaguzi akiingia katika kituo chako, kwa kweli anayatafuta hayo matano, hata kama fomu yake ina kurasa nyingi. Na miaka 8 maana yake ni kwamba yule wa darasa la pili anayekuja kwako mchana naye yumo.

Sasa nije kwenye matayarisho yenyewe, na nitakaa zaidi kwenye daftari kuliko kwenye majengo, kwa sababu ndiko vituo vingi vinakoanguka.

Jambo la kwanza, waandikeni watoto wote. Mkiwa na wa asubuhi kabla ya shule, wa kutwa, na wa mchana baada ya shule, gaweni rejista sehemu tatu. Andikeni saa aliyofika mtoto na saa aliyoondoka, si alama ya vema peke yake. Alama ya vema inanieleza kwamba mtoto alikuja, lakini hainielezi kama saa 11 jioni alikuwa bado yupo. Iwapo Mungu apishe mbali mtoto hakufika nyumbani, saa hiyo iliyoandikwa ndiyo itakayomsaidia baba yake na polisi kujua waanzie wapi kutafuta. Na kama usajili wenu haukutaja watoto wa saa za pembeni, njooni ofisini tuuangalie kabla ya ukaguzi. Kuja mwenyewe kueleza ni jambo jingine kabisa na kukutwa umeficha.

Jambo la pili ni nani anamchukua mtoto. Katika kila fomu ya mtoto, pamoja na majina ya wazazi, namba za simu, maradhi aliyonayo na vyakula vinavyomdhuru, yaandikwe majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua. Wawili au watatu wanatosha. Nafahamu kwetu hapa mtoto ni wa wote, na shangazi akipita njiani humchukua bila kuuliza mtu. Ni desturi nzuri, na sitaki tuipoteze. Lakini mlezi aliyempokea mtoto asubuhi amepokea dhamana, na hawezi kuirudisha dhamana kwa kila anayenyoosha mkono. Shangazi aandikwe. Akija asiyeandikwa, mlezi ampigie mzazi simu kwanza, na mzazi asikasirike kwa kupigiwa. Nawaambia wazazi hili waziwazi, kwa sababu walezi wamenilalamikia kwamba wakikataa kumtoa mtoto huitwa wenye maringo.

Daftari la matukio nalo lisisahaulike. Mtoto akianguka akachubuka goti, andika. Akija asubuhi ana alama mgongoni, andika pia, tena usikomee kuandika. Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki ya mtoto imevunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Simu namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto haitozi kitu. Ibandikeni ukutani, mahali mtoto wa darasa la pili anapoweza kuisoma mwenyewe.

Upande wa jengo nitapita haraka. Vyoo viwe safi, vya wavulana na wasichana vitenganishwe, na kando yake pawe na maji na sabuni. Kibuyu chirizi kinatosha. Hakuna mkaguzi atakayewadai bomba la chuma. Maji ya kunywa yachemshwe na yafunikwe. Jiko liwe mbali na mahali watoto wanapochezea. Wapishi wapime afya zao kila miezi 6 na vyeti viwepo kituoni, visiwe nyumbani kwa mpishi sandukuni. Hayo Afisa Afya atayatazama mwenyewe, na yeye hanisikilizi mimi nikimwombea mtu msamaha.

Moto unahitaji maneno zaidi. Septemba 2020, wilayani Kyerwa mkoani Kagera, bweni la shule ya msingi liliungua na wanafunzi 10 wakafa. Vituo vyetu havina mabweni, lakini vina watoto wanaolala usingizi wa mchana, na baadhi vina mlango mmoja wenye kufuli na madirisha yaliyojaa nondo. Mkaguzi atauliza: funguo ziko kwa nani, na mlango wa pili uko wapi? Atataka kuona ndoo za mchanga, na kizima moto kama kipo. Pia anaweza kumwuliza mtoto, si mlezi, watakimbilia wapi kukiwa na moto. Basi fanyeni zoezi mara kwa mara, watoto walipende kama mchezo. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Na kwa kuwa tunaishi mlimani, semeni nao habari za radi. Mvua ikianza kunguruma watoto waingie ndani. Wasisimame chini ya mti uwanjani wala wasiachwe wakimbie nyumbani kuiwahi mvua. Hilo la kukimbilia nyumbani ndilo linalonitia hofu zaidi, maana mlezi huona anamsaidia mtoto kumbe anampeleka mahali pa wazi.

Kuhusu fimbo sitazunguka. Sheria imekataza kumtesa mtoto na kumpa adhabu ya kikatili. Kituo kinachoweka fimbo kwenye pembe ya chumba kimeshanijibu maswali mengi kabla sijauliza.

Naomba mnisamehe, lakini lazima niseme pia kile ambacho hakina haja. Kila mwaka, wiki moja kabla ya ukaguzi, wenye vituo huenda kununua rangi. Nimeshawahi kukutana na ukuta uliochorwa tembo na twiga mbichi kabisa, rangi ikimshika mtoto mikononi, na papo hapo hakuna kisanduku cha huduma ya kwanza. Fedha ya rangi ile ingenunua bandeji, glavu, madaftari matatu na sabuni ya muhula mzima. Tembo hatumkatai. Aje baadaye.

Wengine mtauliza fedha za hayo yote zitoke wapi, na ni swali la haki. Mzazi anayelipa kwa debe la mahindi baada ya mavuno hawezi kudaiwa kama wa mjini. Madaftari na fomu hayahitaji fedha nyingi. Choo na uzio vinahitaji. Walezi mlio katika vikundi vya wanawake mnaweza kuomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata atawaonyesha namna ya kusajili kikundi. Uzio unaweza kufanywa kwa nguvu za wazazi Jumamosi mbili; nguzo tunazo mlimani humu. Heru hii iliwahi kuongozwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, na sioni kwa nini kamati ya wazazi ya kituo iwe ya wanaume watupu wakati kazi yote inafanywa na akina mama.

Siku ya ukaguzi yenyewe, endeleeni na ratiba yenu. Wa saa za pembeni waje kama kawaida, na nimewaomba wenzangu kwamba tupange kufika baadhi ya vituo alfajiri na vingine jioni, ili tuwaone na hao. Tukikuta upungufu tutauandika, mtapewa nakala, na mtapangiwa muda wa kurekebisha. Nakala hiyo itunzeni, kwa sababu tutakaporudi tutaanzia pale. Kituo kinachohatarisha maisha ya watoto kitasimamishwa, sitawaficha. Lakini kabla ya kusimamishwa lazima tujue watoto wake wataangaliwa na nani kesho yake asubuhi, na swali hilo nimeliweka katika fomu ya halmashauri yetu ili na sisi tulijibu kwa maandishi.

Mwisho wa mkutano huu nitabaki katika ofisi ya kata hadi saa 10 jioni. Mwenye rejista yake ailete tuitazame pamoja, hata kama imeandikwa kwenye daftari la mtoto wa darasa la tatu. Sasa tuingie kwenye maswali. Tuanze na yule mama pale nyuma, aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja wapishi.