Mwavuli Ni Mali ya Vikundi



Nimeombwa nizungumzie vyombo viitwavyo mwavuli, yaani vyama ambavyo wanachama wake si mtu mmoja mmoja, bali ni vyama vingine na vikundi vya hiari. Nitasema jambo moja tu: chombo cha namna hii hupimwa kwa nguvu kinayoiacha katika kikundi kidogo kijijini, wala si kwa ukubwa wa ofisi yake mjini.

Wilaya ya Ngara ina funzo lake. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa saa 24 hivi. Benaco ikageuka mji mkubwa. Mashirika ya misaada yakamiminika, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi likayagawia kazi: hili maji, lile matibabu, jingine chakula. Desemba 1996 Wanyarwanda walio wengi walirejea kwao. Kambi ya Lukole, iliyohifadhi Warundi, nayo ilifungwa mwaka 2007.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mgeni akishaondoka, mwenyeji hubaki na nani? Hubaki na vikundi vyake mwenyewe: chama cha kuzikana, akina mama wa kuweka na kukopa, kamati ya maji, wafuga nyuki. Mashirika makubwa yalihitaji mratibu. Seuze vikundi hivi! Lakini mwavuli wao lazima uwe ule usioondoka pamoja na mfadhili.

Kitaifa vyombo hivyo vipo. TACOSODE, Baraza la Maendeleo ya Jamii, lilianzishwa mwaka 1965, na TANGO mwaka 1988. Sheria Na. 24 ya mwaka 2002 ikaunda Baraza la Taifa la Mashirika Yasiyo ya Kiserikali. Hata hivyo, kutoka Dar es Salaam hadi Rulenge au Nyakahura ni zaidi ya kilomita 1,000. Hapana budi mwavuli uwe na mizizi wilayani.

Kazi yake ya kwanza ni kufundisha: kuandika katiba, kutunza daftari la mapato na matumizi, kuweka kumbukumbu za mikutano. Mathalani, marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yanazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 vya vijana na 2 vya watu wenye ulemavu. Haki hiyo imeandikwa. Lakini kikundi kisicho na katiba wala daftari kitaidai kwa kitu gani? Kazi ya pili ni kuvisemea vikundi mbele ya halmashauri. Ya tatu ni kuvikutanisha, ili wafugaji wa Biharamulo na wakulima wa Ngara wafundishane.

Hatari nayo ipo. Mwavuli hugeuka dalali pale unapoomba fedha kwa jina la vikundi, kisha ukazimaliza kwa semina na posho. Dawa yake ni ada, hata ikiwa ndogo, kwa kuwa mwenye kulipa ana haki ya kuuliza. Aidha, viongozi wachaguliwe, na hesabu zisomwe kila mwaka mbele ya wanachama kwa lugha wanayoielewa.

Ndugu zangu, jambo hili linatuhusu sisi tuliosoma. Aghalabu mwalimu au bwana maendeleo ndiye anayeombwa awe katibu wa kikundi, kwa sababu anajua kuandika barua na kupiga hesabu. Anafanya kazi njema miaka mitatu, kisha anapata uhamisho, na kikundi kinakufa. Hakikufa kwa kukosa fedha. Kilikufa kwa sababu maarifa yote yalikuwa mkobani mwa mtu mmoja.

Basi anayeshika daftari leo akae na mwanakikundi mmoja, amfundishe, kisha amkabidhi kalamu akiwa bado yupo. Akifanya hivyo, siku ya kuhama kwake itakuwa siku ya kuagana, haitakuwa siku ya matanga. Kipimo hicho kinamhusu mtumishi mmoja, na ndicho kipimo cha mwavuli mzima.