Kabla Hujaaga Ujerumani

Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa ajira, na vijana wetu wanazidi kwenda huko. Leo tuzungumzie kurudi.

Kila mwezi asilimia 18.6 ya mshahara huingia kwenye mfuko wa pensheni: nusu unakatwa wewe, nusu analipa mwajiri. Ukihama Umoja wa Ulaya kabla ya kutimiza miezi 60 ya michango, unaweza kudai nusu yako. Ya mwajiri isahau, na riba hakuna. Wala usiwe na pupa: ni lazima ipite miezi 24 tangu mchango wa mwisho wa lazima. Fomu yake ni V0901.

Na aliyetimiza miezi 60? Huyo atalipwa pensheni uzeeni, hata akiishi Kisumu. Mimi ningeingoja.

Kodi ya mapato ina njia yake. Aliyefanya kazi miezi michache ya mwaka huenda amekatwa kupita kiasi. Ana miaka 4 ya kuwasilisha ritani.

Basi hati za mshahara na namba ya bima ya jamii visibaki chumbani Berlin. Vitie mkobani pamoja na pasipoti.